Shangazi, Hii Historia Yako ya Mkungumani

Shangazi Zuwena,

Mwenyezi Mungu akurehemu, alipanue kaburi lako, na akupe subira ya kunisikiliza, maana leo nimekuja na hasira zangu zote. Makaburini kwenyewe sisi wanawake hatuendi, na laini ya simu yako Baba ameshaifunga. Basi nakuandikia. Nimekaa jikoni kwangu hapa Riyadh, chai imepoa mbele yangu, na kila nikikumbuka ulivyotufanya nanyanyuka, nazunguka meza, nakaa tena.

Hivi, Shangazi, ulishindwa nini kusema kweli?

Ngoja nikupe habari kwanza, usije ukasema nimekuvamia. Baba hajambo, ila magoti. Mama ameingiza cherehani chumbani kwako na anasema ni kwa muda tu, lakini ameshatundika na pazia jipya. Wale wanawake wa kahawa ya Ijumaa wanaendelea kuja pale nyumbani Jeddah, wanakaa palepale, wanakula tende zilezile, kisha kunakuwa kimya kwa sababu hakuna wa kuhadithia. Siku moja Mama alijaribu. Akaanza na msikiti, akachanganya na kisima, akasema mkungu uliokipa kijiji jina lake uliangushwa na upepo, wakati wewe miaka yote ulisema ulikatwa na watu wawili waliogombea kivuli. Wakamkosoa wote kwa pamoja. Mama alikasirika, akaenda kuosha vikombe ambavyo havijatumika.

Unaona basi? Hata ulipokufa kijiji kimebaki chako. Kijiji chenyewe hakizidi nyumba thelathini, kiko huko Pemba ndani kabisa, nyuma ya mikarafuu, na wengi wetu tuliozaliwa huku hatujakitia machoni. Lakini muulize mtoto yeyote wa Mkungumani aliyekulia Jeddah, atakwambia nani alichimba kisima, na nani alikataa kuchimba akawa wa kwanza kuteka maji. Atakwambia kuhusu fundi aliyejenga msikiti akakosea kibla, na wazee kwa kumwonea haya hawakumwambia, wakawa wanatandika mikeka mshazari miaka nenda miaka rudi. Na atakuchekesha na Babu, aliyefika Makka mara ya kwanza, akasimama mbele ya Kaaba yenyewe, akajipinda kidogo upande wa kulia kwa mazoea. Atakwambia na habari za yule Mwingereza, Bwana Shauri, aliyekuja na kiti chake cha kukunja kuuliza asili ya kijiji. Kila nyumba ikampa asili yake. Jioni akafunga kiti akaondoka bila kuandika kitu.

Nilikuwa nikicheka sana hapo kwa Bwana Shauri. Sasa namwonea huruma.

Nije kwenye jambo lenyewe. Shangazi, nimeposwa.

Najua ungepiga vigelegele mpaka jirani Mmisri agonge ukuta. Miaka yote uliyokuwa ukiniombea, ukiniambia nisikae mno kwenye ile kliniki ya meno ya Al-Sulimaniyah kupokea watu wenye mashavu yaliyovimba, ukisema mume hapatikani kwenye foleni ya kung'oa magego. Basi amepatikana, na wala si kwenye foleni. Ni Abdalla. Abdalla wa Bi Raya, kitindamimba wake, yule aliyefiwa na mkewe na anayefanya kazi za karatasi za makontena Bandari ya Jeddah. Siku ya maziko yako ndiye aliyekuwa akiwapokea watu mlangoni na kuwapangia viatu. Akaniona nimesimama jikoni nimeshika sinia tupu, sijui niliweke wapi. Akalichukua, akaliweka juu ya friji, akaniambia, "Kaa chini, Rukia, leo si siku yako ya kazi." Ni hivyo tu. Baada ya hapo alikuwa akipiga simu kumjulia hali Baba, halafu kunijulia hali mimi, halafu Baba akasahauliwa kabisa.

Mimi si msichana, Shangazi, unajua umri wangu. Nilishazoea kwenda kwenye harusi za watoto niliowabeba. Nilipokwambia siku ile hospitali kwamba sina haja tena, nilikuwa naongopa, na wewe ulijua, ukanifinya kidole. Kwa hiyo Abdalla alipotamka, sikujifanya kufikiri. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Wakaja kuposa. Mama alipika kama anataka kulisha bandari nzima. Wanaume sebuleni, sisi nyuma ya mlango na kahawa, mlango umeachwa wazi kidogo kama ilivyo ada ya watu wasiotaka kusikiliza. Aliyeongoza ujumbe ni Khamis, kaka mkubwa, maana Bi Raya mwenyewe alikutangulia. Na Khamis, Mungu ampe umri, akaona kwamba shughuli kama hii haiwezi kufanyika bila kukutaja wewe. Akasema, "Marehemu Bi Zuwena angekuwepo angetuhadithia Mkungumani. Kwa heshima yake, nami nitajaribu."

Alijaribu vizuri, si uongo. Akaleta msikiti, watu wakacheka. Akaleta kisima, akaleta Bwana Shauri na kiti chake. Baba nilikuwa namsikia anakohoa, kile kikohozi chake cha furaha. Kisha Khamis akafika mwaka wa sitini na nne, watu wanafunga mizigo, na sauti akaishusha kama ulivyokuwa ukiishusha wewe. Akasema, "Na katika nyumba yenu huko kulikuwa na mtoto mchanga, hana maziwa, analia. Mama yangu akamchukua. Huku mimi, huku yeye, akatunyonyesha wote wawili, Mkungumani, na njiani mpaka Mombasa. Na mtoto huyo ni huyu Saidi aliyekaa hapa mbele ye—"

Hakumaliza, Shangazi. Nilisikia kijiko cha mtu kikigonga kikombe, halafu hata kijiko kikanyamaza. Sote tulikuwa tumeisikia hadithi ile maisha yetu yote. Tumeilalia, tumeiamkia, tumeiimba kama watoto wa chuo cha Kurani. Na hakuna hata mmoja wetu, mimi wa kwanza, aliyewahi kukaa akahesabu. Ikiwa Bi Raya alimnyonyesha Baba, basi Baba ni mwanawe wa kunyonya. Abdalla ni mwanawe wa kuzaa. Basi Abdalla ni ndugu yake Baba. Na mimi mtu aliyekuja kuniposa ni ami yangu.

Mama akakaa juu ya gunia la mchele. Mimi niliendelea kumimina kahawa mpaka ikajaa sahani.

Ndugu zetu wa Mkungumani tu ndio wanaoweza kufanya kosa kama hili. Mtu anakuja kuposa, na katikati ya posa anaivunja mwenyewe kwa adabu zake, kwa kuhadithia historia ya kijiji. Khamis wa watu alilia. Abdalla akaaga wazee. Alipotoka alisimama kidogo pale penye viatu, kisha akaondoka na kiatu kimoja chake na kimoja cha Baba, na hakukirudisha wiki nzima kwa haya.

Wakaenda kwa sheikh. Sheikh ni mtu wa maana, akauliza maswali yake taratibu. Nani aliona? Bi Zuwena. Yuko wapi? Amefariki. Alinyonyeshwa mara ngapi? Hatujui, Bi Zuwena ndiye ajuaye. Mama mnyonyeshaji alisemaje? Hakuwahi kusema, naye amefariki. Mwenyewe Saidi anasemaje? Baba akasema, "Sheikh, mie nilikuwa mchanga, nitajuaje?" Sheikh akasema hawezi kufungisha ndoa juu ya jambo ambalo mji mzima unalihadithia. Akija mtu aliyeona kwa macho yake, yeye yupo. Asipokuja, tuache, heri kuepuka shaka.

Tuache! Hivyo tu. Kwa ajili yako.

Nilirudi Riyadh, nikaingia kazini siku ya pili yake, nikamwandikia mgonjwa mmoja miadi mara mbili kwenye saa moja. Nilikuchukia, Shangazi. Nakwambia wazi. Nilikuwa nikipita barabarani nakusemesha kwa sauti, watu wanageuka. Nilikuwa nikisema, mwanamke huyu alijua rangi ya kilemba cha Bwana Kadhi wa mwaka gani sijui, alijua mbuzi wa nani alikula daftari la nani, na hakujua kwamba iko siku maneno yake yatatudai? Au ulijua? Maana Abdalla alikuwa akiingia na kutoka kwenu tangu mtoto. Mimi nawe tulikuwa tukimsema. Ulinitania naye wewe mwenyewe! Siku ile ya Idi uliponiambia, "Yule mke kafa, watoto hana, na pilau anajua kupika, wewe unangoja nini?" Ami yangu wa kunyonya, Shangazi? Unanitania na ami yangu?

Hapo ndipo nilipoanza kukaa chini na kufikiri badala ya kuzunguka meza.

Kwanza nikafikiri kwamba ulikuwa umezeeka, ukasahau. Lakini wewe hukuwa ukisahau hata deni la sukari. Kisha, nikiwa nafunga kompyuta jioni, likanijia jambo jingine, dogo sana. Mtandio wa Bi Raya.

Unakumbuka alivyokuwa? Akija nyumbani kwetu alikuwa anakaa pale kwenye godoro la chini, anavua buibui, anafungua nywele, anajipepea, mguu huku na mguu kule, anacheka mpaka machozi. Baba akigonga mlango tu, akikohoa tu, Bi Raya anarukia mtandio wake, anajifunga mpaka kidevuni, anakunja miguu. Kila mara. Miaka yote. Baba ilikuwa ikimuuma. Alikuwa akisema, "Huyu ni mama yangu, kanipa ziwa lake, mbona ananionea haya kama mgeni?" Na wewe ulikuwa ukimjibu haraka, "Raya ana haya nyingi, mwache."

Bi Raya, haya! Bi Raya aliyekuwa akigombana na wauza samaki kwa Kiarabu cha matusi peke yake! Bi Raya hakuwa na haya, Shangazi, alikuwa na dini. Hakujifunua mbele ya Baba kwa sababu Baba hakuwa mwanawe. Alijua, na wewe ulijua kwamba anajua, na mlikaa chumba kimoja miaka yote hiyo mkinywa kahawa, wewe ukihadithia na yeye akijifunika.

Sikulala vizuri, na asubuhi nikaomba ruhusa kazini, nikaenda mtaa wa Al-Murabba, hapahapa Riyadh, kwa Bi Mgeni, mliyetoka naye Mkungumani.

Bado yuko hai, usishangae. Anakaa na mwanawe juu ya duka la vifaa vya simu, ghorofa ambayo lifti yake imeandikwa mafi, yaani hakuna, na mtu aliyechoka. Miguu haina nguvu lakini mdomo mzima. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili gani, aligeuza uso ukutani. Akaniuliza hali ya Mama. Akaniuliza bei ya ndizi Jeddah. Akamwita mjukuu wake alete juisi, na mjukuu alipochelewa akampigia kelele, "Yalla!" Nilivumilia. Nikanywa juisi. Nikauliza tena. Akasema, "Mwenyewe hakutaka lisemwe. Miye nani hata niliseme?"

Nikamwambia, "Bi Mgeni, mwenyewe kafa, na mimi naachishwa mume."

Kisha akaanza kulia, na akilia akawa ananitukana mimi, anakutukana wewe, anamtukana Bi Raya, na katikati ya matusi ndipo ilipotoka.

Hakuwa Baba. Baba wakati ule alishaachishwa ziwa zamani, alikuwa akikimbiza kuku uwanjani na kula muhogo wa kuchoma, na Bibi alikuwa mzima kabisa. Ni karatasi za huku Jeddah ndizo zilizomfanya Baba na Khamis wawe watoto wa siku moja, kwa kuwa aliyezipeleka alikuwa mtu mmoja, hakutaka usumbufu, akawaandikia wote tarehe mosi Rajabu ya mwaka mmoja, halas. Mtoto aliyekuwa akilia ndani ya nyumba yenu alikuwa wako.

Wako, Shangazi.

Bi Mgeni ndiye aliyekuwa akimbeba kutoka kwenu kumpeleka kwa Bi Raya, asubuhi na jioni, akiwa msichana tu, kwa sababu wewe ulikuwa na homa na maziwa yamekukauka. Mumeo ulikuwa hujui aliko, na hukujua tena. Sote tulisikia kwamba uliwahi kuolewa huko kwenu "kidogo tu," ndivyo ulivyokuwa ukisema, kidogo tu, kama mtu anayesema habari za chumvi. Hakuna aliyetwambia kwamba ulizaa. Bi Raya alimnyonyesha mwanao pamoja na Khamis mpaka mkafika Mombasa, na Mombasa mtoto akashikwa na homa. Bi Mgeni anasema mlimzika Alhamisi, Ijumaa mkaondoka, kwa kuwa chombo kilikuwa hakingoji mtu.

Anasema ulikaa muda mrefu husemi kitu chochote, si cha kijiji wala cha mtu. Halafu mkaja Jeddah, watoto wakaanza kuzaliwa, wakawa wanakuuliza habari za kwenu. Siku ya kwanza ulipohadithia ulifika pale pa mtoto anayelia, na mmoja wa watoto akauliza, "Mtoto gani huyo, Bi Zuwena?" Bi Mgeni alikuwepo. Bi Raya alikuwepo. Bibi, mama yako mzazi, alikuwepo, anachambua mchele. Bi Mgeni anasema ulifungua mdomo, ukaufunga. Baba, kijana mdogo, alikuwa anapita mlangoni na mkate. Ukasema, "Huyu hapa, Saidi." Bibi akaendelea kuchambua mchele. Bi Raya akavuta mtandio wake. Na hakuna aliyesema kitu, siku ile wala siku yoyote.

Mimi sasa nifanye nini na jambo kama hili? Nilikwenda Al-Murabba nimebeba hasira yangu nzimanzima, nimeipanga vizuri, nikarudi sijui niiweke wapi. Na bado ninayo, usidhani imekwisha. Kwanza nimekasirika zaidi. Nilikukanda miguu miaka mingapi? Nilikukata kucha. Nililala kitanda kimoja nawe kila nikija Jeddah, ukinipigia kelele za kukoroma, na tulisema kila kitu, mpaka mambo ambayo mtu hamwambii mama yake. Aliponiacha yule mchumba wangu wa kwanza nilikwambia wewe, kabla hata yeye mwenyewe hajamwambia mtu. Na wewe ukawa na mwana, ukamzaa, ukamzika, na hukunipa hata nusu ya neno. Ulinihadithia mbuzi, Shangazi! Ulinihadithia mbuzi wa watu!

Na hospitali siku zile za mwisho, uliponishika mkono ukasema, "Rukia, ile hadithi…" kisha muuguzi akaingia na sindano, ukasema, "Basi, utakuja kuijua." Nilidhani unasema ile ya msikiti.

Nikamwomba Bi Mgeni aje Jeddah amwambie sheikh mwenyewe. Loo! Safari hiyo pekee ingehitaji barua yake. Hapandi ndege mpaka asomewe dua na mjukuu. Amesukumwa kwenye kiti cha magurudumu uwanja mzima akilalamika kwamba anayemsukuma ana haraka, na alipobadilishiwa akalalamika kwamba huyu mpya hana haraka. Lakini alipofika mbele ya sheikh alikaa wima, akasema kila kitu mara moja tu, bila kurembesha, kwa maneno machache kuliko uliyokuwa ukiyatumia wewe kuelezea mlango wa msikiti. Sheikh akamuuliza, "Una hakika si Saidi?" Akajibu, "Saidi alikuwa akinitupia maganda ya muhogo. Mchanga niliyembeba hakuwa hata na meno."

Khamis naye akasema habari ya mtandio wa mama yake, kwamba hata yeye ilikuwa ikimshangaza. Sheikh akasema hakuna kizuizi. Kisha akakuombea wewe dua ndefu, na wote wakaitikia amina.

Baba ndiye ninayemwonea huruma. Alikwishajizoesha kuwa na mama wawili. Bi Raya alipokufa alimlilia kama anayemzika mzazi. Tuliporudi nyumbani alikaa muda mrefu akichezea funguo, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza serikalini, "Basi miye nilinyonyeshwa na nani?" Mama akamjibu kutoka jikoni, "Na mama yako, kama watu wote." Tulicheka, Shangazi, tulicheka vibaya. Halafu Baba akafunika uso kwa kofia yake akalia, akasema, "Dada yangu, dada yangu, miaka yote hiyo alikuwa akinitazama mimi anamwona nani?"

Hilo ungelijibu wewe.

Basi ndoa ni mwezi ujao, Inshallah, Jeddah, pale pale nyumbani, na wanawake watajaa mpaka ngazini. Abdalla amerudisha kiatu. Mama amekubali kuitoa cherehani chumbani kwako ili Bi Mgeni alale humo, na Bi Mgeni ameshalalamikia godoro kabla hajaliona.

Wanawake wa Ijumaa wameamua kwamba siku hiyo lazima historia ihadithiwe, na kwamba mhadithiaji niwe mimi, ati nina mdomo wako. Nilikataa. Nikasema nimechoka na Mkungumani, kimenitosha, kingekuwa karibu ningekwenda kukifunga kwa kufuli. Lakini unawajua. Wameshagawana kabisa nani akae wapi.

Kwa hiyo nitahadithia. Nitawapa msikiti na mikeka yake, nitawapa kisima, nitawapa Mwingereza na kiti chake. Na nikifika mwaka ule, watu wanafunga mizigo, mtoto analia ndani ya nyumba, sitashusha sauti kama ulivyokuwa ukiishusha. Nitaipandisha. Na akitokea mtoto wa mtu akauliza, "Mtoto gani huyo?" mimi sitamtafuta mtu wa kumsonta mlangoni. Bi Mgeni amenipa jina. Alilikumbuka kwenye ndege, ghafla tu, tukiwa tunapewa juisi, akanishika mkono nusura aimwage. Naahidi mbele ya Mungu kwamba nitalitaja siku hiyo, na nitalitaja kila nitakapohadithia, na nikijaaliwa watoto nao nitawafunza walitaje, mpaka pasiwe na mtu wa Mkungumani, Jeddah wala Riyadh, asiyelijua. Na wewe ukichukia huko uliko, chukia. Ulikuwa na umri mzima wa kuniambia mwenyewe kwamba hutaki.

Nimekukumbuka mpaka nakasirika. Mungu akukutanishe naye, ukamnyonyeshe mwenyewe.

Kwaheri, Mama Hemedi.

Rukia